Mafuriko yana ushahidi, nani ausome?

Kwa Mhariri,

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliyosomba nyumba za Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, yalinikumbusha safari ya kitaaluma ya Tetsuya Fujita, mtaalamu wa hali ya hewa Mjapani aliyezaliwa mwaka wa 1920 ambaye, baada ya kukagua uharibifu wa bomu la atomiki mjini Nagasaki, alihamia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1953. Huko aliufuatilia upepo kama mpelelezi, miti iliyolala chini ikiwa ushahidi wake. Mwaka wa 1971 alitoa kipimo cha ukali wa tonado (upepo mkali unaozunguka kama faneli) kinachobeba jina lake. Kisha, akichunguza ajali ya ndege iliyotokea New York mwaka wa 1975, akaeleza mkondo wa ghafla wa hewa unaoporomoka kutoka mawinguni. Baadhi ya wenzake walimpinga (wasomi nao hubishana), lakini rada zilimthibitisha.

Kwa hiyo ningependa mhitimu wetu wa sayansi ya hali ya hewa alipwe kutembea kando ya Mto Mathare baada ya kila gharika, akipima alama za maji kutani kabla hazijapakwa rangi.

Msomaji wako,
Huruma, Nairobi