Kigae cha kahawia mlangoni kichaguliwe kwa udongo na maji, si kwa mng'ao

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie sehemu ndogo ya nyumba ambayo wengi huimalizia mwishoni kabisa, fedha zikiwa zimekwisha na fundi anaharakishwa: pale mlangoni. Siku hizi wengi wanapenda kuweka hapo vigae vya posilini vya rangi ya kahawia, na ni chaguo zuri. Kinachotusikitisha ni kwamba vingi vinavyonunuliwa ni vile vinavyong'aa kama kioo, tena hubandikwa kwa simenti tupu. Masika yakiingia, mgeni anateleza kabla hajamaliza kupiga hodi, na mwaka haujaisha vigae vinaanza kulia kama debe tupu.

Wazee wa pwani waliipa sehemu hii heshima yake. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka, yaani kibaraza cha mlangoni, lenye viti vya mawe pande mbili, mgeni apokewe hapo kabla ya kuvuka mlango. Sisi leo tuna mita chache tu za sakafu, lakini kazi ni ileile: kupokea watu, maji na udongo bila kuviingiza sebuleni vyote vitatu kwa pamoja.

Tuanze na rangi, maana kahawia si moja. Kigae cha mlangoni kifanane na udongo wa mahali unapoishi ukiwa umekauka. Kwa watu wa Moshi, Bukoba au Kiambu, wenye udongo mwekundu, kahawia yenye wekundu kidogo, kama ya chungu kilichochomwa, huficha vumbi la siku nzima. Kahawia iliyokoza kama kahawa isiyo na maziwa huonyesha kila unyayo. Kigamboni na Mbagala, kwenye mchanga mweupe, kigae kilichokoza ni mateso kwa anayefagia, kwani chembe huonekana kama unga uliomwagika. Huko chukua kahawia nyepesi, rangi ya chai ya maziwa. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata kwenye soli na kukauka kijivu, unataka kigae chenye madoa au mistari kama ya mbao. Rangi moja tupu haiufichi. Njia rahisi ya kuamua ni kuchukua kiganja kimoja cha udongo wa uani kwako, uutie kwenye mfuko, ukaunyunyize juu ya kigae cha mfano dukani. Muuzaji atakushangaa, mvumilie.

Ukiwa hapohapo dukani, omba kikombe cha maji. Mwaga kidogo juu ya kigae, kanyaga kwa kandambili iliyolowa, sukuma kisigino mbele. Kikiteleza hapo, kitateleza na nyumbani. Karatasi ya kiwandani, na wakati mwingine boksi lenyewe, huwa na alama ya R kuanzia R9 hadi R13. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo kigae kinavyoshika mguu. Ndani ya mlango tunashauri R10, na barazani panaponyeshewa R11. Kupita hapo hakuna haja, kwa sababu uso unakuwa mkwaruzo mno, unakamata uchafu na kumchosha mpiga deki. Kwa vigae vyenye glezi, ule utando mgumu wa juu kama kioo, kuna pia alama ya PEI, 1 hadi 5, inayoonyesha uso unavyovumilia kusuguliwa. Mlangoni usishuke chini ya 4, maana mchanga ulioganda kwenye soli ya kiatu ni msasa.

Bado una maji kwenye kikombe. Geuza kigae, dondoshea tone moja mgongoni, pale pasipo na glezi, uhesabu hadi sitini. Posilini halisi haifyonzi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake, hicho ndicho kiwango cha ISO 13006. Tone litakaa limevimba kama jicho la samaki. Likinywewa na kuacha doa lenye unyevu, hicho si posilini, hata muuzaji aapeje. Kisha tazama ukingo. Baadhi ya vigae vya kahawia vina rangi juu tu, mwili wake ni mweupe. Siku mtungi wa gesi utakapokigonga, kitamenyuka na kuacha alama nyeupe inayoonekana tangu getini. Ukipata kigae ambacho mwili wake nao ni wa kahawia, ongeza hizo shilingi ukichukue.

Sasa hesabu. Tuchukue mlango wa kawaida wenye nafasi ya sakafu ya mita 1.5 kwa 2.4, yaani mita za mraba 3.6, na vigae vya sentimita 60 kwa 60 ambavyo mara nyingi huwa vinne kwenye boksi, mita za mraba 1.44. Duka litakuambia ongeza asilimia 10, utapata 3.96, boksi tatu zinatosha. Karatasini ni kweli, sakafuni si lazima. Mpangilio mzuri kwa macho ni kigae kizima katikati, sawa na mlango, na vipande viwili vinavyolingana pembeni. Ukiacha mwanya wa milimita 3 kati ya vigae na milimita 5 ukutani, kila kipande cha pembeni kinakuwa na upana wa sentimita 44.2. Kipande hicho hakitoki viwili kwenye kigae kimoja. Safu nne zinakula vigae vitatu kila moja, jumla 12, yaani boksi tatu kamili. Kimoja kikipasuka kwenye mashine, kazi imesimama. Nunua boksi nne.

Mabaki usiyatupe. Kila kigae cha pembeni kinaacha utepe wa zaidi kidogo ya sentimita 15 kwa 60. Uchane katikati, upate vipande viwili vya sentimita 7.5 vya kupandisha ukutani kuwa sketi. Tepe nane zinatoa mita 9.6 za sketi. Nafasi hii, ukitoa milango miwili ya sentimita 90, inahitaji mita 6 tu. Sketi mlangoni si urembo. Bila hiyo, maji ya deki yataula ukuta na rangi itabambuka ndani ya msimu mmoja.

Kabla boksi hazijaondoka dukani, soma namba ya toni, yaani ukolezo wa rangi, na ya kaliba, yaani kipimo halisi cha kigae, zilizogongwa ubavuni. Ziwe sawa kwenye boksi zote nne. Kahawia husaliti haraka tofauti ya toni, na kaliba ikitofautiana mianya haitanyooka hata fundi awe nani.

Tunakuja kwenye kosa kubwa. Mafundi wengi tulijifunza kwa vigae vya zamani vinavyofyonza maji: unaviloweka kwenye beseni, unaweka simenti na mchanga, unamwagia uji wa simenti, unagonga. Njia hiyo ilifanya kazi kwa sababu kigae kilinywa uji ule na kushikana nao. Posilini hainywi. Uji unakauka mgongoni kama ganda la ugali kwenye sufuria, na kama ganda lile, siku moja unabanduka wote. Kuiloweka ni kuongeza ubaya, maji yanabaki kama utando kati ya kigae na kilichopo chini. Posilini inataka gundi ya vigae ya mfuko, yenye alama C2. Kwa nafasi hii, kisia kilo 5 hadi 6 kwa mita ya mraba, jumla kilo 18 hadi 22. Mifuko miwili ya kilo 20 inakutoa wasiwasi.

Jamvi jipya, yaani zege la sakafu, liachwe siku 28. Kama chini kuna niru ya zamani, ile laini inayong'aa, igongwegongwe kwa tindo mpaka iwe na meno, kisha ifagiliwe na kupanguswa. Laza rula ya aluminiamu ya mita 2. Mwanga ukipita chini yake kwa zaidi ya milimita 3, rekebisha sakafu kwanza. Gundi si dawa ya mabonde.

Mgongo wa kigae huwa na unga mweupe wa kiwandani unaozuia kisigande tanuruni. Upanguse kwa sponji yenye unyevu, uache ukauke. Halafu tandaza gundi sakafuni, uichane kwa mwiko wa meno ya milimita 10, mistari yote ielekee upande mmoja. Paka na mgongo wa kigae gundi nyembamba kwa upande bapa wa mwiko. Weka kigae, kisukume mbele na nyuma kukata ile mistari, ili hewa itoke na matuta yalale. Cha kwanza kabisa king'oe ukitazame: gundi iwe imeenea pote, pembe zote nne zikiwemo. Ukiona mistari bado imesimama, umeweka kidogo au imeshakauka. Kwenye joto la Dar es Salaam, mlango ukiwa wazi na upepo unapita, gundi hufanya ngozi mapema kuliko muda ulioandikwa mfukoni. Iguse, isiponata kidoleni ikwangue uitupe. Wanaoweka mabonge matano, pembeni manne na katikati moja, wanaacha mashimo ya hewa chini. Hapo ndipo kisigino cha kiatu cha kike au mguu wa kabati hupasulia kigae.

Pembezoni, ile milimita 5 ya ukutani isijazwe simenti. Ifunikwe na sketi, na pale kizingitini, sakafu ya ndani inapokutana na ya baraza, jaza silikoni ya kahawia. Baraza linapigwa na jua mchana na kupoa usiku, sakafu ya ndani haifanyi hivyo. Vikifungwa pamoja bila mwanya, vigae vinasukumana mpaka vinanyanyuka kama paa la hema. Baraza lenyewe liwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 3, na mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea uani.

Mlango nao upimwe mapema. Kigae cha milimita 10 na gundi ya milimita 5 vinapandisha sakafu kwa milimita 15, na chini ya mlango unataka mwanya wa milimita 5 hivi. Mlango wa mbao utarandwa. Mlango wa grili haurandwi, utakatwa na kuchomelewa upya, tena na cheche zikirukia vigae vyako vipya. Ukitaka zulia la miguu lililozama sakafuni ili mlango usilikwangue, shimo lake liamuliwe kabla ya kunyoosha sakafu. Benchi la kuvulia viatu la upana wa sentimita 35 na kimo cha sentimita 45 litakuachia sentimita 115 za kupita, na hizo zinatosha hata kwa mtu mwenye ndoo kichwani na mtoto mkononi.

Grauti, ile ya kujaza mianya kati ya vigae, subiri saa 24. Kwa mianya ya milimita 3 na vigae vikubwa namna hii, pakiti ya kilo 1 inatosha na kubaki. Chagua ya kahawia iliyopauka kidogo kuliko kigae. Nyeupe mlangoni itakuwa kahawia yenyewe, ila kwa mabaka. Maji ya kuchanganyia yapimwe kama pakiti inavyosema. Fundi akizidisha maji, au akiosha uso kwa sponji inayochuruzika, grauti ya kahawia hutoa chumvi nyeupe na kubaki na viraka. Ukungu wa grauti juu ya kigae upanguswe siku hiyohiyo. Tafadhali, msisafishe kwa asidi ya chooni. Kigae cha posilini kitaivumilia, grauti haitaivumilia. Italika na maji yataanza kushuka chini.

Kuhusu mwanga, neno moja. Kahawia hunywa mwanga, kwa hiyo kuta ziwe za krimu, na taa iwe ya njano, ile iliyoandikwa 3000K. Taa nyeupe ya 6500K huifanya kahawia ionekane kama majivu, na wenye nyumba hulaumu kigae.

Vigae vitakavyobaki vihifadhiwe vikiwa vimesimama, si kulazwa, na kipande cha boksi chenye namba ya toni kikatwe na kubandikwa ndani ya mlango wa kisanduku cha luku. Miaka mitano ijayo, kigae kimoja kitakapopasuka, fundi atakayekuja ataulizia namba hiyo kabla hajauliza jambo lingine lolote.

Mafundi wa vigae,
Temeke, Dar es Salaam