Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Arusha

Mheshimiwa Mlezi wa Chama, wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama wenzangu: Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe.

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuvusha mwaka salama sisi wa chama hiki cha watu wa vito, na nawashukuru ninyi 41 mlioitikia wito. Daftari letu lina wanachama 112. Barua ilisema saa tatu kamili asubuhi. Tumefungua mkutano saa tano kasoro robo, baada ya Katibu kupiga simu kwa mtu mmoja mmoja, na akidi ya theluthi moja tumeipata kwa kuzidi watu watatu tu. Nalisema hili kwa uchungu. Siku dalali akileta mzigo mzuri mjini hakuna anayehitaji kupigiwa simu.

SHUGHULI ZA MWAKA

Tulifanya semina mbili, tukaenda Longido kuona rubi ikiwa bado ndani ya zoisaiti, mwamba wake wa kijani, tukatembelea Kituo cha Jemolojia Tanzania hapa Arusha, na tukapeleka mkono wa pole kwa familia tatu za wanachama. Haya mnayafahamu, picha mmeziona kwenye kundi letu la WhatsApp. Sitayarudia.

FEDHA NA ADA

Tulianza mwaka na shilingi 7,850,000 benki. Ada imeingiza 1,410,000, Mlezi wetu ametuchangia 2,000,000, jumla 11,260,000. Matumizi ni 9,050,000, na salio ni 2,210,000. Mhazini atagawa karatasi yenye mchanganuo.

Ada yetu ni shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani 2,500 kwa mwezi. Waliolipa ni 47. Wasiolipa ni 65, na deni lao ni shilingi 1,950,000. Nimeangalia orodha hiyo mwenyewe, jina kwa jina, na naomba niseme wazi kwamba baadhi ya waliohoji kwa sauti kubwa matumizi ya fedha za chama mwaka huu wamo kwenye hao 65.

SUALA LA SHILINGI 6,150,000

Sasa nije kwenye jambo ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu leo. Mwaka jana tulitenga fedha za kununua darubini ya kukuzia mawe na rifraktomita, kifaa cha kupima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe, viwe vya chama. Mwezi Machi Kamati Tendaji iliamua fedha hizo, ambazo mwishowe zilikuwa shilingi 6,150,000, zitumike kuwasaidia wanachama wetu wawili wenye shahada ya uzamivu kuomba nafasi za utafiti nje ya nchi. Wazo lilikuwa langu. Nililileta mimi, nililitetea mimi, na lawama zake nazibeba mimi.

Wapo wanaouliza mtu mwenye uzamivu anatafuta nini tena chuoni. Ndugu zangu, utafiti baada ya uzamivu ni kazi ya mkataba, mara nyingi wa mwaka mmoja hadi mitatu. Mtafiti analipwa, anapewa mashine, na anatakiwa atoe matokeo yake mwenyewe. Katika sayansi ya vito nafasi hizi zinahesabika kwa vidole dunia nzima. Iko ya GIA, taasisi ya vito ya Marekani, kule Carlsbad, California, inayobeba jina la Richard T. Liddicoat. Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani hufadhili wenye uzamivu wa fani zote, wa nchi zetu wakiwemo, mradi mwombaji apate mwenyeji katika taasisi ya huko. Na Chuo Kikuu cha Mainz kina mkono wake wa utafiti wa vito Idar-Oberstein, mji ambao umekata mawe kwa karne nyingi. Nancy, Ufaransa, ndiko walikopima oksijeni iliyomo ndani ya zumaridi na rubi hadi wakaweza kusema jiwe limetoka kwenye mwamba wa aina gani. Anayeomba kwenye sehemu kama hizi anashindana na vijana waliokulia kwenye maabara zenye leza inayotoboa kishimo chembamba kuliko unywele na kusoma kemia ya jiwe kutoka humo.

Sisi mashine hizo hatuna. Tulicho nacho ni mwamba wenyewe, na watu wanaotufahamu mashimoni. Maabara kubwa zinapotaka kujua asili ya jiwe, swali lao la kwanza ni moja: nani aliliona likitoka ardhini? Jiwe ulilolitoa kwa mkono wako lina uzito mkubwa wa ushahidi. Ulilonunua kwa mchimbaji pale shimoni lina uzito pungufu. Ulilonunua kwa dalali mjini, hata likiwa zuri namna gani, halina pa kusimama.

Dada yetu aliyeomba mwanzo alikuja nyumbani kwangu jioni moja ya Februari na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa 62. Kila moja ilikuwa na tarehe, kitalu, kina cha shimo kwa mita, na jina la mchimbaji aliyekuwa naye. Risiti za mrabaha za pale getini kwenye machimbo ya Mererani zilikuwa zimebanwa pembeni kwa pini. Alifungua karatasi ya kwanza juu ya meza, na mke wangu akasogeza taa. Vipande viwili vya tanzanaiti moja, vilivyokatwa kwa msumeno: kimoja cha kahawia kama chai ya rangi, kingine bluu kabisa. Nusu ameichoma kwenye tanuru, nusu ameiacha. Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka meza ikajaa jozi.

Mnaofanya kazi ya kuchoma mawe mnajua kwamba tanzanaiti nyingi hutoka ardhini ikiwa ya kahawia, na joto la digrii 500 hadi 600 ndilo linaloitoa bluu yake, kwa sababu ya elementi ya vanadiamu iliyomo. Lakini yapo mawe yaliyopata joto hukohuko chini yakatoka yakiwa bluu, na hata maabara zenye sifa hazina njia ya uhakika ya kuyatenganisha na yaliyochomwa kwa mkono. Swali hilo ndilo alilolishika dada yetu, akiwa na jozi 62 ambazo hakuna mtu wa Ulaya wala Marekani anayeweza kuzipata kwa kuagiza. Alichokosa ni fedha ya kupima kemia, ya kibali cha kusafirisha sampuli, ya mtihani wa lugha na ya viza. Niambieni, darubini ya chama ingefanya nini jioni ile?

Imesemwa kikao cha Machi hakikuwa halali. Kamati ina wajumbe tisa, tulihudhuria watano, na katiba inataka zaidi ya nusu. Muhtasari upo, saini zipo. Wajumbe wanne ambao hawakuja walipelekewa taarifa siku kumi kabla.

Imesemwa pia kwamba nimembeba kijana wangu. Ni kweli mwombaji wa pili nilimfundisha mimi kupima mawe, tangu akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza hajui kushika koleo la vito. Sijutii, na wapo humu ukumbini wengine zaidi ya kumi niliowafundisha bila kuwatoza senti. Lakini siku ya kumjadili nilitoka nje ya kikao, na hilo nalo limeandikwa.

Matokeo mnayajua nusu. Dada yetu amepata. Ameanza mkataba wa miaka miwili katika maabara moja Ulaya, na hata leo ametutumia salamu. Kijana wetu hakupata, na sababu yake naomba msikilize vizuri. Utafiti wake ulikuwa juu ya spineli za Mahenge, vito vyekundu na vya waridi, zile ambazo tangu lilipopatikana jiwe kubwa mwaka 2007 kule Ipanko dunia nzima inaziulizia. Bajeti ya awali ilikuwa shilingi 6,950,000, ikiwemo 800,000 ya kumpeleka Mahenge wiki tatu akae shimoni. Maneno yalipoanza kwenye kundi, Kamati ikaogopa, ikakata hizo 800,000. Ikabidi anunue sampuli kwa madalali. Wasomaji wa ombi lake wakauliza mstari mmoja tu: nani aliyaona mawe haya yakitoka kwenye marumaru, mwamba wake? Hakuwa na jibu. Barua ile aliisoma mbele yangu, akaikunja, akaniuliza kama anaweza kurudisha fedha ya viza kidogo kidogo. Nilimkatalia. Kosa langu mwaka huu ni kukubali kukata nauli ile ya Mahenge, na hapo ndipo naomba radhi. Kwa kutoa zile 6,150,000 siombi radhi.

Wengine wanasema dada hatarudi. Hilo halipo mikononi mwangu. Lakini kabla ya kuondoka ameacha kwa Katibu kipande kidogo cha kila nusu ya jiwe, vyote 124, pamoja na daftari lake la shimoni, na ametia saini kwamba vipimo vyote vitaletwa nakala kwa chama. Kwa mara ya kwanza tuna sampuli za rejea za kwetu wenyewe.

Wazee mliopo mnakumbuka tulivyopoteza. Tanzanaiti ilitambuliwa kwenye maabara za nje, na jina ikapewa na Tiffany, duka la vito la Marekani, mwaka 1968. Jumanne Ngoma, mgunduzi wake, akasubiri mpaka mwaka 2018 ndipo Serikali ikamtunuku shilingi milioni 100 mbele ya ukuta unaozunguka machimbo ya Mererani. Ganeti ya kijani mjiolojia Campbell Bridges aliikuta upande wetu, Simanjiro, mwaka 1967. Kwa kuwa aliikuta tena Kenya miaka michache baadaye, Tiffany walipoitangaza mwaka 1974 ikaitwa kwa jina la Tsavo. Miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza wageni habari hiyo sokoni, na kila mara naumia.

MATARAJIO

Mungu akijalia, mwaka ujao tunatarajia kuwa na mfuko mdogo wa kudumu wa waombaji, kuzungumza na vyuo vyetu na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kuhusu kuhifadhi sampuli, na darubini nayo tutaitafuta kadiri hali itakavyoruhusu. Kijana wetu ataomba tena. Nauli ya Mahenge nimeitoa mfukoni mwangu, na anaondoka Jumatatu.

Mhazini atakaa mlangoni na kitabu cha stakabadhi hadi saa kumi jioni kwa wale 65, na namba ya kulipia kwa simu iko ukutani nyuma yangu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti