Plea yako ya santuri ya kutoka Marekani inaburuza Winelight? Usilaumu sahani kwanza

Juzi juzi mzee mmoja, mteja wetu wa siku nyingi, alirudisha sahani ya santuri. Albamu ya Winelight ya mpiga saksofoni Grover Washington Jr., ile ya mwaka 1980 ya lebo ya Elektra. Akaiweka juu ya kaunta akasema kijana, umeniuzia kitu kimechoka, saksofoni imelala usingizi na huyu Bill Withers anaimba kama ana mafua.

Nikaitoa kwenye kava, nikaigeuza geuza chini ya taa, hakuna mkwaruzo wa maana. Nikaipiga kwenye plea yetu ya dukani mbele yake, upande wa pili, wimbo wa katikati ndio Just the Two of Us, ikatoka safi kabisa. Basi na mimi kwa haraka zangu nikamwambia mzee hapo shida ni sindano yako, nikamuuzia mpya. Siku mbili simu hiyo, ni vile vile! Pesa ya sindano nilimrudishia maana ukweli ni kwamba nilikuwa nabahatisha tu.

Nikapanda boda mpaka kwake Ntinda, hapa Kampala. Plea yenyewe nzuri sana, ya mkanda, yaani mota inazungusha sinia kwa mkanda wa mpira, mwanawe alimtumia kutoka Marekani, na chini ya meza kuna transfoma kubwa kama tofali inanguruma. Nikabandika kikaratasi pembeni ya sinia linalozunguka, nikawasha saa ya simu, tukahesabu wote wawili kwa sauti kama watoto wa shule. Dakika moja, mizunguko 28 hivi. LP, yaani sahani kubwa ya albamu kama hii, inatakiwa izunguke mara 33 na theluthi. Hapo nikajua.

Iko hivi. Umeme wetu Uganda ni volti 240 na hezi 50, yaani mapigo 50 kila sekunde, wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Transfoma inashusha volti peke yake, hezi haizigusi. Sasa plea nyingi za zamani mota yake haina akili yoyote, inafuata mapigo ya umeme wa ukutani, ukiipa mapigo 60 inakwenda mbio iliyopangiwa, ukiipa 50 inapunguza kwa moja ya sita, ndio hizo 28. Wimbo ambao kwenye albamu ni dakika 7 na ushee unavutika unakaribia 9, na sauti inashuka nusu toni tatu na kidogo. Nyimbo za mbio mtu anaweza asigundue, atadhani ndio mtindo wao. Lakini hii albamu ni ya taratibu tayari, sita tu zilizomo na tano hazina mwimbaji wa mbele, Grover na saksofoni yake ndio anaongea, kwa hiyo ukiipunguza kidogo tu inakuwa matanga. Besi ya Marcus Miller, ile inayodunda dunda, inageuka matope. Na albamu yenyewe ilichukua tuzo ya Grammy mwaka 1982, haiwezi kuwa ya kulaza watu vile jamani.

Kabla hujatuletea, angalia kibati cha nyuma ya plea. Kikiandikwa 120V 60Hz na ni ya zamani ya mkanda, fanya ile hesabu ya kikaratasi. Kama mkanda hauna na sinia limekaa moja kwa moja juu ya mota, au inatumia chaja ndogo ya DC kama hizi za kisasa nyingi, mara nyingi hezi haziihusu, wewe hangaika na volti tu.

Dawa yake ni puli, kile kigurudumu kidogo cha kwenye mota kinachovuta mkanda. Cha hezi 50 lazima kiwe kinene zaidi kwa asilimia 20, yaani kama chako kina milimita 10 tunataka 12, na kama kina ngazi mbili, ya mwendo wa 33 na ya mwendo wa 45 wa sahani ndogo, zote mbili zinaongezwa. Kampuni nyingine zilikuwa zinatengeneza puli za aina zote mbili, hata Japani kwenyewe upande wa Tokyo ni hezi 50 na Osaka ni 60, kwa hiyo kwanza tunatafuta ya kampuni. Ikikosekana tunapima na kalipa, kile kipimo cha unene, tunapeleka Katwe kuchongesha kwa fundi wa leithi, mashine ya kuchonga vyuma. Ya mzee ilirudiwa mara mbili maana ya kwanza haikuwa duara sawa sawa, na piano ya umeme ya Richard Tee ilikuwa inayumba kama mlevi. Ndio maana tunawakataza kuzungushia seloteipu kwenye puli, najua kuna video inafundisha hivyo, wiki moja tu gundi inayeyuka na unaanza kusikia huo huo ulevi. Transfoma endelea nayo lakini, volti bado ni zile zile.

Halafu neno la jenereta. Umeme ukikatika ukawasha kajenereta kadogo, hezi zinapanda na kushuka kila friji ikijiwasha, na hiyo mota itafuata tu. Hapo hata puli nzuri haisaidii, subiri umeme urudi, au tumia inveta ya sola iliyotulia kwenye 50.

Ukija dukani si lazima ubebe plea nzima. Puli ikichomoka kirahisi, kuna kaskrubu kadogo pembeni, leta yenyewe na picha ya kile kibati. Ila kama unaleta yote na boda, mkono wa sindano ufunge kwa uzi, rudishia kifuniko cha sindano, na lile sinia zito litoe ulishike pembeni peke yake.