Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Huduma kwa Wagonjwa na Mafunzo ya Uchaplensia (Uchungaji wa Hospitalini)

Ndugu wanachama, Bwana Yesu asifiwe.

Kama mnavyofahamu, mwaka huu tumeendelea kutembelea wodi kila Jumamosi, tumegawa sabuni na khanga wodi ya wazazi wakati wa Pasaka, tumeshiriki misiba minne ya wenzetu, na kamati imekaa kila robo mwaka. Hayo mliyaona wenyewe.

Linalohitaji maelezo ni safari ya Moshi. Yamesemwa mengi, mengine nje ya vikao, kuhusu uamuzi wa kamati kutoa Sh 1,260,000 ili mimi na mama mmoja mzee wa kanisa tuhudhurie mkutano wa mafunzo ya wanaojiandaa kuwa wachungaji wa hospitali. Inadaiwa kwamba mwenyekiti alijichagua, na kwamba fedha hizo zingenunua mashuka. Tangazo lilisomwa Jumapili tatu mfululizo, fomu zikakaa kwa katibu hadi siku ya mwisho, na hakuna majina yaliyoletwa zaidi ya yetu wawili. Isitoshe, nauli ya kurudi niliilipa mfukoni mwangu na sijaidai.

Wengine wanauliza mbona tumerudi na barua ya ushiriki tu. Cheti cha uchaplensia hakipatikani kwa wiki moja. Mafunzo ya namna hii yalianza mwaka 1925 huko Worcester, Marekani, pale Mchungaji Anton Boisen, ambaye mwenyewe aliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili, alipowapeleka wanafunzi wa theolojia hospitalini wajifunze kwa wagonjwa wenyewe. Na hadi leo, kwa kiwango cha huko, hatua moja tu ya masomo hayo ni saa 400, nyingi zikiwa za kazi wodini.

Hata hivyo, tulichopata si kidogo. Kila mshiriki alikwenda kukaa na mgonjwa, kisha akaandika mazungumzo yao neno kwa neno na kuyasoma mbele ya kundi. Katika ya mwenzangu, bibi aliyevunjika nyonga alisema, "Wanangu hawajafika tangu Jumatatu," naye akajibu, "Tuombe." Mkufunzi alimsimamisha hapo, akamuuliza kwa upole ni nani aliyeihitaji sala ile wakati ule, bibi au yeye. Tulifundishwa pia kwamba siri ya mgonjwa haipelekwi kwenye maombi ya jumuiya hata kwa nia njema, na kwamba Mwislamu akihitaji kiongozi wake wa dini, kazi yetu ni kumwitia shehe. Miaka yote tumezoea kuimba ubeti mmoja, kuomba na kuhamia kitanda kinachofuata. Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba mgonjwa anayesikilizwa mpaka amalize la moyoni amepata zaidi ya shuka.

Kwa hiyo inanisikitisha kwamba tulipoitisha kikao cha mrejesho, kati ya wanachama 64 walifika 9, na waliolalamika zaidi hawakuwemo. Ada hali kadhalika: waliolipa Sh 20,000 zao ni 27, jumla Sh 540,000, pamoja na michango ya wahisani Sh 1,815,000 mapato yamekuwa Sh 2,355,000, matumizi Sh 2,190,000, na salio Sh 165,000. Madeni ya ada, ya mwaka huu na ya nyuma, yamefika Sh 1,310,000, fedha ambazo zingetosha safari ile yote bila kugusa mfuko. Wadaiwa sugu wanajijua, nami kwa heshima sitawataja.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kumpeleka mmoja wetu kwenye mafunzo kamili, kuanzisha darasa dogo la kusikiliza wagonjwa, na kuuomba uongozi wa hospitali chumba cha mazungumzo ya faragha na ndugu wa wagonjwa.

Naomba taarifa hii ipokelewe na kujadiliwa. Mweka hazina amekuja na kitabu cha stakabadhi na atapokea ada hadi mwisho wa mkutano.