Kabla presha mpya haijafika kwako, angalia upande wako wa mita

Wateja wetu wa hapa Mafinga, sisi mafundi bomba wenu tunasema poleni na baridi. Siku hizi karibu kila simu tunayopokea ina swali moja tu, eti mradi wa maji ukikamilika shida zitaisha? Wengi mnajua mji wetu umo kwenye ule mradi wa miji 28, mkopo wa India wa dola milioni 500, mikataba ilisainiwa Juni 2022 kule Chamwino. Ni jambo kubwa na tumelisubiri sana, ila mradi unaishia kwenye mita yako, kuanzia hapo kuingia ndani ni bomba lako wewe na huko ndiko tunakokuta mambo.

Juzi kwa mama mmoja tulikata kipande cha bomba la chuma la nusu inchi, nje zima kabisa, ndani kutu imejaa mpaka tundu lililobaki penseli inapita kwa kusukuma. Mama wa watu alikuwa analalamika maji ya mtaa hayana nguvu kumbe hayana pa kupita. Bomba kama hilo likipigwa na presha mpya linaweza kutoboka, tena huenda ni ukutani, na mita itazunguka usiku kucha wewe umelala.

La pili linatuuma zaidi. Mji huu unaishi kwa mbao na nguzo za msitu wa Sao Hill, kwa hiyo nyumba na karakana zinaweza kuwa kwenye laini moja. Mtu akifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ile pampu inanyonya, na nyumba za juu ndizo zinaumia kwanza maana kila mita 10 za kupanda zinakula bar 1 ya presha. Presha ikishuka sana bomba linaanza kuvuta kurudi nyuma, na kama umeacha mpira umezama kwenye ndoo ya kufulia maji ya sabuni yanaingia kwenye laini. Sabuni afadhali jamani. Karakana ikiacha mpira wake kwenye dawa ya CCA ya kutibu nguzo, ile inayoacha rangi ya kijani, hiyo ndiyo itaingia kwenye laini, nayo ina shaba, kromu na aseniki ambayo ni sumu, na aseniki hata uchemshe maji haitoki. Hatujaliona hilo likitokea hapa na hatutaki kuliona.

Kwa hiyo wenye karakana na viwanda tunawaomba sana, msivute kwenye laini. Maji yaingie kwanza kwenye simtank, mdomo wa bomba ukae juu ya maji kwa nafasi angalau mara mbili ya upana wa bomba lenyewe, ndipo pampu ivute kutoka kwenye tanki. Nonritani, ile vali inayopitisha maji upande mmoja tu, tunafunga pia, lakini nonritani inachakaa na uchafu ukikwama haifungi, ile nafasi ya hewa haichakai.

Majumbani tunakuja na geji, tunafunga koki zote halafu tunaiangalia mita nusu saa, ikisogea kuna mahali panavuja. Bomba la chuma likiwa limechoka tunaweka poli paipu ya PN10, inahimili bar 10, msidanganyike na ile nyembamba ya bei rahisi. Kupima hatuchaji. Na kama unajenga sasa hivi, tuite kabla fundi hajapiga plasta.