Barua ya wazi kwa vijana wa Dodoma mnaotengeneza programu: hataza sio hakimiliki

Wajukuu zangu, mbukwenyi.

Maneno yenu yananifikia, huyu anasema kaibiwa wazo la apu ya kuunganisha wakulima wa zabibu na wanunuzi, yule anasema mi nimeandika mwenyewe mwanzo mwisho, na sasa nasikia kuna mtu anataka kuuza kiwanja alichopewa na baba ake ili alipie hataza (patent) ya apu. Jamani ngoja kwanza.

Hakimiliki (copyright) unayo tayari. Ulipoandika ile mistari ya programu ukaisevu ni yako, sheria yetu ya 1999 inaihesabu programu ya kompyuta kama maandishi tu, sawa na kitabu, ukienda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kusajili unajiongezea ushahidi wa siku ya kubishana. Inadumu maisha yako na miaka 50 baada ya kufa, sijui nani atakuwa anaitaka apu yako muda huo. Ila inalinda ulivyoandika, wazo hailindi. Mwenzio akiiona apu yako, akaenda kwake akaandika yake bila kugusa mistari yako, hajakuibia hakimiliki. Inauma najua. Akikopi mpaka na makosa yako ya tahajia, hapo mshike.

Hataza ni habari nyingine kabisa. Inalinda namna kitu kinavyofanya kazi, unaiomba, kwetu ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unailipia, na jambo lenyewe lazima liwe jipya, sasa wewe ukishaionyesha Nanenane pale Nzuguni kila mtu akapiga picha ndo ukaombe, upya umeshauchezea. Na ubaya wake haijali kama ulikopi au la. Ulizeni habari za GIF, aina ya faili la picha za kompyuta, kampuni ya CompuServe waliitoa 1987, watu wakaitumia weee, kumbe ile njia ya kubana data iliyo ndani yake, LZW, ina hataza Marekani mikononi mwa kampuni ya Unisys, na mwisho wa 1994 ndo ikatangazwa wanaotengeneza programu za GIF walipe. Watu walikuwa wameandika mistari yao wenyewe, hakimiliki safi kabisa, na bado wakadaiwa! Kwa hasira ndo ikazaliwa PNG, aina nyingine ya faili la picha isiyotumia LZW. Ile hataza ya Marekani iliisha 2003.

Msiogope kupita kiasi lakini. Hataza ya Marekani haikufuati hapa Makulu, itakukuta ukianza kuuza kule. Na huko kwenyewe wamebana, 2014 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya kampuni ya Alice na benki ya CLS Bank ilisema kuchukua wazo la kawaida ukaliingiza kwenye kompyuta haitoshi kupewa hataza. Sasa kumkutanisha mkulima na mnunuzi, si madalali wa soko la Majengo wanafanya tangu kabla ya simu? Kiwanja kisiuzwe.

Hiyo hela bora mlipe mwanasheria awaandikie makubaliano, nani anamiliki nini, kabla mauzo hayajaanza. Tunzeni historia ya kazi na tarehe zake. Mkichukua programu za bure someni leseni, ile iitwayo Apache 2.0 inasema wazi waliochangia wanakuruhusu kutumia hataza zao, ile fupi ya MIT haitaji hataza popote. Na aliyeajiriwa asome mkataba wake kabla hajaondoka na laptop, mara nyingi ulichoandika kazini ni cha bosi.

Babu yenu,
Area A