Treni za mfano zisingoje mtu ajenge nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nijibu sehemu moja ya makala iliyotoka hivi karibuni katika safu ya makazi, iliyohusu maandalizi ya kuhama nyumba. Mengi yaliyosemwa mle ni ya manufaa, hasa lile la kusoma mkataba neno kwa neno kabla dalali hajalipwa chake. Hata hivyo, mwandishi alifika mahali akamshauri mpangaji auze au agawe burudani zote zinazokula nafasi, akaziweka treni za mfano katika fungu moja na meza za pool na matangi ya samaki, kisha akahitimisha kwamba mambo hayo yasubiri hadi mtu awe na nyumba yake mwenyewe. Mimi ni mpangaji, nimeshahama zaidi ya mara moja katika jiji hili la Dar es Salaam nikiwa na reli yangu, na naona ushauri huo unawanyima watu wengi kazi ya mikono ambayo wangeweza kuifurahia bila kumiliki hata tofali moja.

Kwa wasomaji wasioifahamu, reli ya mfano ni njia ya treni iliyopunguzwa kwa kipimo maalumu, yenye mataruma, stesheni, madaraja na mabehewa yake, ambapo treni hutembea kwa umeme mdogo, kwa kawaida wa volti 12 hivi, unaopita katika reli zenyewe. Kipimo kinachotumika zaidi duniani huitwa HO, na katika kipimo hicho kila kitu hupunguzwa mara 87. Anayejenga reli ya namna hiyo hulazimika kujua useremala kidogo, umeme kidogo, upakaji rangi, na historia ya reli halisi anayoiiga, ndiyo maana wenye reli hizi wengi ni watu wazima, na ndiyo maana kazi yenyewe haina siku ya kusema imekwisha.

Sasa tuutazame huo ushauri wa kungoja. Kwetu nyumba haijengwi kwa mwaka mmoja. Mtu hununua kiwanja, akachimba msingi, akasimama kwa ajili ya ada za shule, akapandisha kuta, akasimama tena kwa sababu ya ugonjwa au msiba, na mabati yakapatikana wakati watoto wake wa kwanza wameshaondoka nyumbani. Anayengoja paa ndipo alaze reli yake ya kwanza atakuwa ameshaanza kuvaa miwani ya kusomea, na skrubu za behewa la HO hazimhurumii mtu wa miwani. Ajabu ni kwamba utaratibu huohuo wa kujenga kidogo kidogo, pesa inapopatikana, ndio unaoifaa reli ya mfano kuliko utaratibu mwingine wowote, ila vipande vyake lazima viwe na uwezo wa kutoka mlangoni.

Tena si kweli kwamba mwenye nyumba yake hahami. Nchini Marekani aliishi mtu aliyeitwa John Allen, mpiga picha wa mji wa Monterey huko California, ambaye reli yake ya mfano ilijulikana kwa wapenzi wa fani hii karibu kila mahali. Alianza na reli ndogo ambayo ungeweza kuizunguka kwa hatua chache. Alipohamia nyumba nyingine katika miaka ya 1950 hakuivunja, bali aliiingiza nzima ndani ya reli kubwa mpya aliyoijenga katika chumba cha chini ya nyumba, ikabaki humo kama wilaya moja ya nchi yake ya kubuni. Ile kubwa ndiyo iliyoshikamana na nyumba. Allen alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza palepale ilipokuwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Uingereza. Peter Denny alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana, na kasisi, kama walivyo walimu na askari wetu, haishi katika nyumba yake bali katika nyumba anayopewa pamoja na kituo cha kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili alianza kujenga reli aliyoiita Buckingham, jina la mji wa huko Uingereza, akiwaza jinsi Reli ya Great Central, kampuni halisi ya reli ya zamani, ingekuwa kama ingelifika katika mji huo. Aliijenga kwa mbao za vipande, akaivunja na kuijenga upya kadiri maisha yalivyobadilika, akaichukua alipohamia Cornwall, na akaiendeleza kwa miongo mingi. Mwanawe, Crispin, alikuwa akimsaidia kuendesha stesheni ya pili. Ilipotokea kwamba kijana hayupo, baba alijitengenezea mtambo wa kuendesha stesheni hiyo badala yake, akaupa jina la mwanawe. Denny alifariki mwaka 2009, na reli yake ilihamia kwa mpenzi mwingine wa fani hii, ikaendelea kupitisha treni. Kama angefuata ushauri wa safu yenu ya makazi, angengoja hadi astaafu ndipo anunue reli ya kwanza.

Kwa hiyo la muhimu ni namna mtu anavyojenga tangu siku ya kwanza. Vipande vyangu vina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 40, kipimo ambacho mtu mmoja hukibeba peke yake, akapita nacho mlangoni na kugeuka nacho kwenye ngazi za ghorofa. Chini ni fremu ya mbao nyembamba, juu ni plaiwudi, na seremala yeyote wa mtaani anaiweza kazi hiyo. Jambo la kusimama naye na kulisisitiza ni kwamba ncha za kila kipande ziwe na pembe mraba kamili, kwa kuwa hapo ndipo reli mbili zitakapokutana, na treni huanguka kwa tofauti ndogo ambayo jicho halioni. Vipande huunganishwa kwa boliti mbili. Boliti, hata hivyo, kazi yake ni kukaza tu, haziwezi kuaminiwa kulenga, kwa hiyo wengine hutia pini za shaba zinazoingia katika matundu yake, na wengine hufunga bawaba ambazo msumari wake wa katikati huchomolewa. Mimi natumia bawaba, kwa sababu zinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi na bei yake haimtishi mtu.

Reli zenyewe zinapaswa kuvuka mpaka wa vipande viwili zikiwa zimenyooka, wala mtu asiweke reli za kubadilishia njia juu ya mpaka huo. Utaratibu mzuri ni kulaza reli moja nzima kupita kwenye mpaka, kuilehemu juu ya skrubu za shaba nyeupe au ya njano zilizozamishwa katika kila ukingo, na ndipo kuikata kwa msumeno mwembamba katikati. Ncha zilizolehemiwa namna hiyo hazing'oki hata zikiguswa na kiwiko cha mbeba mizigo. Kila kipande kiwe na nyaya zake, zinazoishia kwenye plagi moja, na kila rangi ya waya iwe na kazi moja isiyobadilika. Mchoro wa nyaya uchorwe kabla ya kufungua chochote, na uwekwe mbali na makaratasi mengine, kwa kuwa nyumba inayohamwa humeza karatasi.

Siku ya kuhama ikifika, vipande viwili hufungwa vikitazamana uso kwa uso, vikitenganishwa na mbao mbili za plaiwudi zilizopigiliwa kwenye ncha, hivi kwamba miti, majukwaa na nguzo za ishara hubaki salama katikati kana kwamba ziko ndani ya sanduku. Majengo yasigandishwe kwa gundi. Yachomolewe na kusafiri peke yake. Vichwa vya treni na mabehewa virudi katika maboksi yake ya dukani, jambo ambalo linanifanya niwasihi wanaoanza wasiyatupe maboksi hayo kamwe, na visipakiwe nyuma ya kirikuu pamoja na masufuria na jiko la gesi, bali vikae mbele, mapajani mwa mtu mwaminifu.

Hali ya hewa ya pwani nayo ina masharti yake, ambayo vitabu vya Ulaya havikuyafikiria. Reli za chuma hupata kutu haraka kwa unyevu na chumvi, hivyo afadhali kutafuta zile za aloi ya shaba na nikeli, ingawa nazo zinahitaji kupanguswa mara kwa mara. Joto hurefusha reli, kwa hiyo nafasi ndogo ziachwe kwenye viungio. Halafu kuna mchwa. Mpangaji anayeingia nyumba mpya haijui historia ya kuta zake. Asiegemeze plaiwudi ukutani wala kuiweka sakafuni kabla hajachunguza pembe za chumba, na kama kuna uwezekano asiisimamishe reli yote kabla ya mvua kubwa kumwonyesha paa linavuja wapi. Hilo linahusu makochi pia, na linaweza kuongezwa katika makala ijayo.

Uchaguzi wa kipimo nao ni sehemu ya kuhama. Kipimo cha N, ambacho kwa kawaida hupunguza vitu mara 160 na kutumia reli zenye upana wa milimita 9, huchukua chini ya theluthi moja ya eneo ambalo mpango uleule ungechukua katika HO. Kwa mwenye chumba kimoja na sebule, hesabu hiyo ina uzito. Mimi nimebaki na HO kwa sababu ya mapenzi tu: reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na reli za mfano zenye upana wa milimita 12, zinazotengenezwa kwa ajili ya wanaoiga reli za milimani za Uswisi, zinaikaribia Reli ya Kati kwa tofauti ya nusu milimita. Anayependa SGR amebahatika zaidi yangu, maana milimita 1,435 zikigawanywa kwa 87 zinatoa milimita 16.5, ambao ndio upana wa reli za kawaida kabisa za HO zinazouzwa kila mahali.

Kuna pia zile wiki, wakati mwingine miezi, ambapo maboksi yamejaa hadi darini na hakuna ukuta ulio huru. Wengi huiacha fani hii katika kipindi hicho na hawairudii. Dawa yake iligunduliwa na Mwingereza Alan Wright, aliyebuni reli ndogo iitwayo Inglenook Sidings: njia tatu za kuegesha, moja ya mabehewa matano na mbili za mabehewa matatu matatu, na kipande cha mbele kinachotosha kichwa cha treni na mabehewa matatu. Mabehewa ni manane. Mtu anachomoa karata tano kuamua ni mabehewa yapi yaunde treni na kwa mpangilio gani, kisha anahangaika kuyapanga na kuyapangua mpaka yakae sawa, kama wafanyavyo watu wa yadi katika stesheni halisi. Mpangilio unaoweza kutokea ni wa aina 6,720, na mabehewa yakiwa mafupi yote hayo yanatosha katika ubao usiozidi mita moja na nusu, ambao unaweza kulala juu ya maboksi yaleyale ambayo hayajafunguliwa. Nyumba ninayokaa sasa, kitu cha kwanza kilichofanya kazi ndani yake kilikuwa ubao huo, kabla hata fundi wa king'amuzi hajafika.

Mwisho, kuhusu pendekezo la kugawa. Naliafiki, ila kwa namna tofauti. Huko Ulaya upo umoja uitwao FREMO, ulioanzishwa mwaka 1981, ambao wanachama wake hukubaliana juu ya umbo la ncha za vipande na kimo cha reli kutoka sakafuni, kisha kila mmoja huja na kipande chake katika ukumbi, na vikiunganishwa hupatikana reli ndefu ambayo hakuna mwanachama angeweza kuiweka nyumbani kwake. Sisi tunaojenga treni za mfano hapa nchini ni wachache, na wengi wetu ni wapangaji. Napendekeza tukubaliane mapema juu ya ncha ya sentimita 40, reli ikipita katikati, boliti mbili, na kimo cha mita moja ili mtu aweze kuendesha akiwa ameketi. Anayehamia chumba kidogo ataweza kumwachia mwenzake kipande kimoja au viwili, kikaunganishwa na kutumika huko, badala ya kukiuza kwa bei ya kuni. Walio tayari waandike kupitia ukurasa huu, kama mhariri ataridhia.

Wako,
Mpangaji mwenye reli,
Tabata, Dar es Salaam